Nilivyofumbua Shairi la Shangazi

Nina aibu ambayo haijapoa, na nikiwasimulia msinicheke sana, maana mpaka leo nikiwa na shughuli Chumbageni nazunguka mtaa mzima ili nisipite mbele ya nyumba ya Bi Rukia.

Bi Rukia ni wifi yake shangazi yangu, Mwanaidi. Shangazi alipofiwa na mumewe alikaa eda humo humo ukweni, na siku ya kutoka eda wanawake tukajaa ukumbini, dua ikasomwa, pilau ikaliwa. Alichokitaka shangazi ni kimoja tu: kurudi kwao Muheza, na arudi akisindikizwa na wifi yake, kwa heshima, si kama aliyefukuzwa wala aliyetoroka. Bi Rukia hakutaka kusikia habari ya kuondoka, alishamzoea. Basi shangazi, badala ya kubishana naye, akatunga shairi la uhuru, akalighani mwenyewe:

Punje zenu nimekula, maji mkanipatia,
Tundu lenu si la chuki, ila mbawa zanilia.

Wanawake wakatazamana. Bi Rukia akainama, akafuta macho kwa ncha ya mtandio (sasa najua alikuwa karibu kukubali, wakati ule nilidhani watu hawajaelewa). Jirani yao Bi Tatu, mchokozi yule, akaniambia, "Haya msomi wetu, huko chuo mlifundishwa nini?"

Ningecheka tu, yakaisha. Lakini mimi ndiye yule niliyemuuliza ustadhi wa madrasa kwa nini, kwa nini, mpaka akachoka, na shahada yangu ya fasihi ilikuwa bado ya moto, nikasimama. Nikasema tundu ni ishara ya nyumba hii, punje ni sitiari ya fadhila anazotoa mwenye nyumba ili ndege asiruke, mbawa ni utu wa mwanamke uliobanwa, na nikamalizia kwamba kinaya chenyewe ni kuwa mfugaji hajijui kama ni mfugaji (na mkono nikauelekeza, wallahi, pale pale alipokaa Bi Rukia). Shangazi alinivuta gauni mara mbili, nikadhani ananiunga mkono.

Bi Rukia akaweka kikombe chini taratibu. "Kumbe Mwanaidi tulikufuga," akasema. "Basi mlango u wazi, wifi. Nenda."

Shangazi alijaribu kumtuliza, wapi. Fumbo lingemwachia Bi Rukia nafasi ya kwenda kulitafakari chumbani kwake, na kesho yake atoe ruhusa kama wazo lake mwenyewe. Nafasi hiyo nilimnyang'anya mbele ya mtaa mzima.

Shangazi aliondoka asubuhi yake na masanduku mawili na msindikizaji mmoja, mimi, mtu wa mwisho aliyemhitaji. Hakuna aliyetoka mlangoni kumuaga. Tulipofika Muheza ndipo akaniambia, bila hasira, "Mlango ulishaanza kufunguka, mwanangu. Wewe ukaupiga teke."

Kuhoji sijaacha, wala sitaacha. Ila siku hizi mtu akighani na anayekusudiwa amekaa pale pale, mimi huinamia sahani yangu, na nikiulizwa maana yake nasema sauti ya mghani ni nzuri.