Vita Alivyopigana Kaka

Kaka yangu alikuwa rubani wa jeshi. Alipostaafu, jeshi la nchi nyingine likamchukua kwa mkataba. Nchi gani, hakutuambia. Alituaga akisema anakwenda kufundisha vijana kurusha ndege.

Mara ya mwisho alikuja nyumbani Iyula msimu wa kuchuma kahawa. Alikuwa amekonda. Pikipiki ikinguruma barabarani, aliacha kuchuma, akatazama juu. Baba akaliona hilo.

"Huko unakofundisha kuna vita?"

"Hakuna vita, baba."

"Mbona unashtuka?"

Kaka alicheka kidogo, akavuta tawi jingine.

Jioni, tukiwa wawili jikoni, nikambana. Akaniambia ndege anayorusha haina bendera wala namba, vyote vimepakwa rangi juu yake. Nguo anazovaa angani hazina jina.

"Nikianguka, mdogo wangu, hakuna atakayesema mimi ni wake."

Nilimsihi asirudi. Akasema marubani wamebaki wachache, asipokwenda yeye, wenzake hawatapumzika. Halafu akaniomba nisimwambie baba.

Wakati huo nilikuwa na mgahawa Tunduma, karibu na foleni ya malori ya mpakani. Baada ya kaka kuondoka, dereva mmoja aliyetoka Kongo aliagiza ugali, ukapoa mbele yake bila kuguswa. Alisema ndege ilipiga daraja walilokuwa wakisubiri kuvuka. Utingo wake alikuwa ametangulia darajani kwa miguu.

"Ndege ya nani?" wenzake wakauliza.

"Haikuwa na alama yoyote. Kila serikali inakana."

Nilisimama pale na birika la chai. Nilitaka kumpa pole, nikaishia kumjazia kikombe.

Nilimpigia kaka siku hiyo hiyo. "Kuna daraja limepigwa. Ni wewe?"

"Usiniulize hayo kwenye simu. Baba hajambo?"

"Hajambo."

"Msalimie." Sijaisikia tena sauti yake.

Kahawa ilikuwa bado inakauka uani alipofika Iyula mwanaume mmoja mwenye suti. Alimwamkia baba kwa heshima zote, hakusema ametumwa na nani, akasema kaka amepata ajali ya mafunzo.

"Mwili uko wapi?" baba akauliza.

"Haujapatikana, mzee."

"Si mkautafute?"

"Eneo lile haturuhusiwi kuingia."

"Kama ni mafunzo, nani anawazuia?"

Yule mtu aliacha namba ya simu, na kila nilipoipiga haikupatikana.

Majirani walianza kuleta kuni na unga wa msiba. Baba akawapokea getini, akawashukuru mmoja mmoja, akawaomba warudi navyo nyumbani. Hakuna aliyemwona mwanawe amekufa, alisema, kwa hiyo yeye hajafiwa.

Mwishowe nilimweleza yote, nguo zisizo na jina, ndege, daraja. Alisikiliza hadi mwisho.

"Waliokufa pale darajani kwao ni wapi?"

"Sijui, baba."

"Basi hata kwenda kuwapa pole hatuwezi."

Akanyanyuka, akaenda kuigeuza kahawa juani.

Jumapili iliyofuata mchungaji alinivuta pembeni kabla ya ibada. Alitaka kujua amwombee kaka kama msafiri au kama marehemu. Nilimwambia achague yeye. Naye akashindwa; ibadani akawaombea wote walio mbali na nyumbani, na baba, kwenye benchi la mbele, akaitikia amina kwa sauti.