Mama Niliyemtoa Shimoni

Miaka ile nilikuwa naosha mawe ya shaba mtoni, maji yakinifika magotini tangu asubuhi. Nikirudi nyumbani Dilala nilikuwa na kazi ya pili, isiyo na faida wala shukrani: kuandika riwaya katika daftari za shule. Mashujaa wangu walikuwa wanne wasiofanana hata kidogo. Mchawi anayeogopa giza, jitu linalozimia likiona kuku, mwizi aliyewahi kuwa katekista, na mama mmoja mwosha mawe, mdomo wake mrefu kuliko njia ya kwenda Tenke. Walikuwa wanashuka shimoni kumnyang'anya joka jua alilolimeza.

Mchana, tukila bukari, ugali wa kwetu, niliwasomea wachimbaji wa timu yetu. Walicheka hadi wengine wakapaliwa, nami nikausahau mgongo wangu kwa nusu saa.

Kisha shimo lao likakauka. Wiki tatu walitoa udongo mtupu. Kwetu mwanamke haingii shimoni. Wanasema akiingia, jiwe la shaba linakimbia. Mimi sijawahi kukanyaga hata ukingo. Lakini mkubwa wa timu, baba mpole wa rika langu, alinifuata mtoni, akavua kofia.

"Mama, mu kitabu yako kuko mwanamuke mwenye anaingia mu shimo," akasema. "Tunakuomba umutoshe. Batoto banalala njaa."

Nimtoe kitabuni! Nilitaka kumuuliza kama joka naye ana kibali cha kuchimba. Lakini watoto wake nawajua, na wangu walilishwa na jiwe lile lile. Asiyekubali kushindwa si mshindani, husemwa. Mimi hata nguvu za kushindana sikuwa nazo. Nikazichana kurasa zote za yule mama mwosha mawe, nikawashia jiko la makaa. Iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Siku nne baadaye jiwe likaonekana, zito, la kijani. Wakaniletea gunia la kwanza nilioshe mimi, kwa heshima, na mkubwa akatangaza kwamba hajaona mwanamke mwenye akili kama zangu. Nilichoka zaidi siku ile kuliko siku zote za udongo mtupu.

Mchana wakaketi, wakaniomba nisome. Nikasoma. Mchawi, jitu na mwizi walishuka peke yao, wakatafuta, wakahangaika. Hakuna aliyecheka. Maneno yote ya kuchekesha yalikuwa ya yule mama.

"Sasa ule mama," mkubwa akauliza, "ulimuweka wapi?"

Nikamjibu kwamba yuko mtoni, anawaoshea mawe.