Kiroba Kisicho na Jiwe

Juzi sokoni Iringa nilimwona mwanamke akipeta mchele, na harufu ile ya pumba ikanirudisha uani kwetu Ubaruku, alasiri niliyomwambia Mama kwamba nampenda Tumaini, mvulana mwenzangu wa kidato cha tatu.

Mama alikuwa na ungo mapajani, anachagua mawe. Vidole vyake vilisimama. Ng'ambo ya barabara mashine ya kukoboa ilikuwa inanguruma.

"Baba yako anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue. Kesho utaenda kwa shangazi yako kule Ilomba, utasomea huko."

Akaendelea kuchagua, ungo baada ya ungo, bila kunitazama, mpaka jua likazama na kiroba changu cha safari kikajaa. Niliamini amenifukuza. Niliondoka nimenuna, na likizo nyingi sikurudi.

Kwetu mchele wa safari hauchaguliwi. Atakayeupika ndiye anayeuchagua. Lakini Shangazi alitafuta jiwe katika ule mchele, hakuona hata moja. Mimi nilikuwa nasubiri chakula tu.

Sasa Mama ameshazikwa. Nikikaa na ungo wangu, hata kilo moja hunichosha, na yeye alichagua kiroba kizima.