Yowe Alilostahili Mama

Kifungu cha kwanza nilichoweza kusoma bila kusaidiwa kilikuwa na maneno matatu: Yesu akalia machozi. Darasa letu la ubatizo lilikuwa karibu na soko la Ekerenyo, nasi wanawake tulioolewa tulikaa nyuma, watoto mgongoni. Nilikipenda kwa uvivu wangu, kwa kuwa kilikuwa kifupi. Mwalimu alikipita mbio, kana kwamba anakionea haya.

Ubatizo ulipokaribia, mama yangu akafa.

Kwetu Gusii binti aliyeolewa hafiki msibani kimya. Huanza kulia njiani, kwa sauti, watu wa nyumbani wamsikie kabla ya kumwona. Asiyelia hushukiwa. Lakini kanisa lilikataza mayowe, likiyaita upagani, na aliyeyapiga aliondolewa darasani. Mwalimu alinisindikiza makusudi, nisije nikateleza.

Njiani nikamwuliza, "Mwalimu, Yesu alijua atamfufua rafiki yake Lazaro. Mbona alilia?"

"Alilia machozi," akasema. "Hakupiga mayowe."

Lilikuwa jibu zuri, likaniuma. Nikakitafuna kifungu upya tukipanda kilima. "Dada ya marehemu alikuwa akilia, na majirani wakilia naye. Je, aliwanyamazisha?"

Mwalimu akakohoa. "Yule mjane wa Naini aliyefiwa na mwanawe, Yesu alimwambia asilie."

Hapo nilikasirika, na hasira ikanifaa. "Alimwambia asilie, kisha akamfufua kijana papo hapo. Mfufue mama, Mwalimu, nami nitanyamaza."

Tulikuwa tumefika kwenye migomba ya baba, nikaona wanaume wakichimba kaburi upande wa kushoto wa nyumba, mahali pa mke. Ubatizo niliutaka sana. Gauni jeupe lilikuwa limekwisha kushonwa, na usiku nililipapasa kama mtoto mchanga. Nikasema moyoni, liwalo na liwe. Nikafunga leso kiunoni, nikaweka mikono kichwani, nikapiga yowe lililowatoa shangazi zangu jikoni mbio, nao wakaitikia.

Mwalimu alibaki langoni, kofia mkononi, mpaka tulipomzika.

Sabato ya ubatizo wenzangu waliitwa mtoni mmoja mmoja, nami nikasimama ukingoni nikiwaimbia. Mwaka ule sikubatizwa. Mama yangu alililiwa.