Kifungo Kwenye Picha ya Mama

Hospitalini kwetu kila mtu alimwita Bwana Kivuli, hata mganga mkuu. Alikuwa mpiga picha za eksirei, nami mhudumu wa kuvisha wagonjwa magauni, miaka kumi na tisa chumba kimoja. Nilimwita kaka, ingawa hatukuchangia hata babu wa nne. Mkewe, fundi cherehani wa mtaa wa pili, aliniita wifi, na kunichokoza alinichokoza kama wifi hasa.

Jina lile alipewa na watoto. Mtoto akiingia analia, kamasi hadi kidevuni, kaka haigusi mashine. Anazima taa, anawasha tochi, anaweka mkono mbele yake. Ukutani linatokea kono jeusi.

"Nani kalichora?"

"Wewe!"

"Mimi? Sina hata kalamu. Mwanga unakwenda moja kwa moja, kukata kona haujui. Umekutana na mkono wangu, umekwama. Huko nyuma hakuna mwanga, basi hicho ndicho kivuli."

Anausogeza mkono karibu na tochi, kivuli kinakuwa jitu. Anausogeza ukutani, kinanywea. Anashika glasi, mwanga unapita. Anashika daftari, haupiti ng'o. Mwisho anaifunika tochi kwa kiganja, vidole vinawaka vyekundu. "Mashine yangu ina mwanga usioonekana, mkali kuliko huu. Nyama unaipita, mfupa unauzuia, na kwenye picha zetu kinachozuia kinatoka cheupe. Ila ukitingishika, kivuli kinavurugika."

Yule aliyekuwa anapiga mayowe anatulia tuli. Mimi huku nabwata kwamba foleni imefika getini, naye ananijibu, "Dada, punguza moto, utaunguza sufuria."

Mwanafunzi wake hodari alikuwa bintiye wa miaka tisa, tuliyemwita Bibi Maswali. Akitoka shule alikuja kumngoja babake, na mfupa uliovunjika aliuona kabla ya madaktari wanafunzi. Kaka kichwa kilimvimba, hasemeki.

Kisha mkewe akakohoa miezi mitatu. Sote tulisema ni vumbi la vitambaa, wajinga sisi. Siku moja kaka akamburuta kwetu, akampiga picha ya kifua kwa mkono wake, akaipachika kwenye ubao wa taa. Akasimama hapo. Akaendelea kusimama. Mimi si daktari, lakini si kipofu pia. Niliona. Kanuni yetu ni kufunga mdomo: anayesema ni daktari, na daktari wa vifua alikuwa anarudi kesho yake.

Ndipo Bibi Maswali akaingia na begi mgongoni. Nilichelewa kumzuia, najilaumu hadi leo.

"Hii ni ya mama?" Akasogea. "Baba, hapa kuna kitu cheupe. Si ulisema mapafu yana hewa, na hewa haizuii? Hiki kilichozuia ni nini?"

Kaka hakuwahi kumdanganya mtoto, wake wala wa mwenzake.

"Kifungo," akasema. "Mama kasahau kuvua kifungo."

"Haya, mama naye! Fundi mzima!" Akacheka, akachomoka mbio. Kaka alinyoosha mkono kulishika begi lake, akalikosa. Nikamkimbilia mtoto mimi, na mwili wangu huu.

Nikakuta ameshafika. Mama yake alikuwa kwenye benchi la koridoni, bado na gauni la hospitali.

"Mama, umeharibu picha! Umeacha kifungo kifuani!"

Fundi akajitazama. Gauni lile nilimvisha mimi, na halina kifungo hata kimoja. Ni kamba mbili tu za kufungia mgongoni. Akalipapasa kutoka shingoni hadi tumboni, polepole, kama anavyopapasa kitambaa cha mteja kutafuta mshono.

"Kweli nimesahau," akamwambia bintiye. "Hebu kaniletee maji ya kunywa, mwanangu."

Mtoto akaondoka, bado anacheka. Kaka alikuwa amefika mlangoni, ameshika fremu kwa mikono yote miwili. Mkewe akamtazama, wala hakulia.

"Hicho kifungo, baba," akamuuliza, "ni kidogo, cha shati, au cha koti?"

Kanuni ni kanuni. Nilimwomba Mungu kaka aishike, angalau mpaka kesho.

"Cha koti," akasema kaka.