Tulikwenda Sinema na Cheti cha Ndoa

Mume wangu ni mwongo, na niliolewa naye nikiwa na akili zangu timamu. Sisemi ni mwongo wa kila jambo. Akikwambia suruali yako itakuwa tayari Ijumaa, Ijumaa utaikuta imepigwa pasi inakungoja, na fundi cherehani wa namna hiyo ni mtu wa kushikwa kwa mikono miwili. Ndiyo maana nilimkubali. Uongo wake ni mmoja tu, lakini amenilisha huo mmoja miaka na miaka mpaka ukanikaa kooni.

Tulipooana tulikaa Jinja, chumba kimoja nyuma ya maduka ya Wahindi, ambao siku hizo walikuwa wamekwisha fukuzwa. Cherehani yake aliiweka barazani, mbele ya duka lililokuwa na kaunta nzuri na haliuzi hata kiberiti. Sinema ilikuwa mtaa wa pili. Wenyewe waliondoka wakaacha jumba, viti na mikanda michache ya Kihindi, na mikanda hiyo tuliitazama mpaka tukajua kila mahali inapokatika. Ikikatika, watu wote ukumbini wanaimba wimbo wenyewe mpaka fundi aiunganishe. Tulikuwa hatujui maana ya neno hata moja, tunaimba tu.

Wanangu huniuliza, mama, vita vipo, nanyi mnakwenda sinema? Ndiyo, tulikwenda. Tulikuwa vijana. Walitaka tukae kitandani tusikilize risasi? Usiku hakuna kutoka, ni amri, kwa hiyo onyesho likahamishwa saa tisa mchana, nasi tukahamia huko huko. Kila Jumamosi nilivaa viatu vyangu vya harusi, vyeupe, vyenye kisigino kifupi, nikajitanda mtandio wangu, nikatembea na mume wangu katikati ya barabara kama mtu mwenye nchi.

Na tulibeba cheti cha ndoa. Hili vijana hawalijui, inabidi nilieleze. Siku zile wanajeshi wakikukuta na mwanaume, jambo la kwanza wanauliza huyu ni nani wako. Ukisema mume wangu, wanasema lete karatasi. Mwanamke asiye na karatasi hana mwenyewe, na asiye na mwenyewe anachukuliwa. Kwa hiyo sisi Waislamu wa Jinja, karatasi ya shehe ambayo wazee wetu waliifungia sandukuni mpaka kufa, tulikwenda nayo sokoni, hospitali, na sinema. Chetu kilikunjwa mara nne, kikatiwa kwenye nailoni, kikakaa mfuko wa shati la mume wangu. Yeye ndiye mwanaume, yeye ndiye anayebeba. Hakuna aliyekaa akafikiri jambo hilo vizuri, si mimi wala yeye, na upumbavu huo sitausamehe kwa wote wawili.

Jumamosi moja taa za ukumbi ziliwaka katikati ya wimbo. Mkanda ulikuwa haujakatika. Tukasikia buti mlangoni. Kila mtu pale alijua maana yake, kwamba wanatafuta wanaume. Mume wangu akasimama, akaniwekea mkono begani, akasema, "Kaa hapo, nakuja." Kisha akaondoka na wanaume wengine kwa kile kimlango kilicho karibu na pazia la picha, nami nikabaki nimekaa kama nilivyoambiwa. Nilikuwa mke mtiifu, Mungu anisamehe.

Aliyenijia alikuwa askari mdogo kuliko mimi. Akaniambia kwa kile Kiswahili chao, "Wewe, bwana yako iko wapi?"

Nikasema, "Ametoka, afande."

"Cheti?"

"Anacho yeye."

Akacheka. "Basi wewe hapana mke ya mtu."

Kiswahili mimi nimekinyonya kwa mama. Majirani zangu wengi hawakitaki, wanasema ni lugha ya jeshi, ukikisema dukani wanakutazama mikono kama una bunduki. Huwa nawakatalia. Lakini siku ile niliichukia lugha yangu mwenyewe, kwa sababu nilielewa kila neno.

Tukatolewa nje, wanawake wanne tusio na karatasi, tukakalishwa kwenye ngazi za sinema. Wakasema tunangoja gari twende kambini kupika. Kila mmoja wetu alijua huko kupika ni kupika gani. Mwenzangu mmoja alizivua bangili zake, akazificha kifuani.

Pale chini ya ngazi alikaa mama mmoja wa karanga. Alikuwa Mkenya, Mkristo, ana msalaba shingoni, amekuja kwa barabara kuu miaka mingi nyuma. Tulikuwa tunanunua karanga zake kila Jumamosi, basi, hatukujuana zaidi ya hapo. Mama huyo akanyanyuka, akapanda ngazi na beseni lake, akamwambia yule askari, "Afande, huyu ni mkwe wangu. Ameolewa na kijana wangu. Nilimtuma ndani akauze."

Askari akanitazama mtandio. "Mkwe yako ni Muislamu?"

"Kijana alipendea huko, afande. Ningefanya nini?"

Askari akacheka tena, safari hii cheko la kweli. Akachukua karanga pamoja na beseni. Akachukua na viatu vyangu, akasema atampelekea mke wake. Sasa wewe fikiri, huyo mke wake alikuwa na cheti? Yule mama akanishika mkono, tukashuka. Wale watatu walibaki kwenye ngazi. Mimi sikugeuka kuwatazama, na mpaka leo sijui walifika wapi. Nilitembea peku mpaka nyumbani, yeye akiwa pembeni yangu, na hakuniuliza mume wangu yuko wapi. Mlangoni alisema, "Jifungie, mwanangu." Haikupita miezi mingi akarudi kwao, sikumwona tena.

Mume wangu alirudi siku ya tatu. Alikuwa amejificha kwenye mashamba ya miwa, amechanika mikono na uso. Akatoa cheti mfukoni, akakiweka mezani, akasema, "Alhamdulillahi, uko salama." Akaomba chakula. Nikampa. Akala, akalala. Hakuuliza nilitokaje. Hakuuliza hata viatu vyangu viko wapi, na alikuwa amevinunua yeye.

Nisikilizwe vizuri. Sikukasirika kwa kuwa alikimbia. Angekaa wangemchukua, na waliochukuliwa siku ile tuliwasomea hitma bila maiti. Mimi nilitaka neno moja. Nilitaka aseme, "Nilikimbia, nikakuacha, na cheti nikaondoka nacho." Basi. Aseme yeye, kwa mdomo wake, nisiombe. Nikangoja wiki ile, nikangoja mwezi. Hakusema. Nikachukua mkoba wangu nikampelekea kwenye cherehani, nikamwambia anishonee mfuko wa ndani, mdogo, wa zipu. Alinitazama, akajua ni wa nini, akaushona kwa mishono midogo mizuri sana. Kuanzia siku hiyo cheti nilikibeba mimi.

Tukahamia Mbale, kwao, mtaa wa Nabuyonga. Serikali ikabadilika, ikabadilika tena, watoto wakazaliwa, maduka yakapata sukari na sabuni. Kila mtu akaanza kusema yaliyopita yamepita. Watu wanaosema hivyo huwa wameenda safari na viatu vyao wakarudi navyo. Mimi nilifunika kombe mwanaharamu apite, kama tulivyofundwa, kwa sababu mke hamwaibishi mumewe. Lakini mwanaharamu hakupita, alikaa akaomba na chai.

Mara ya kwanza nilipousikia ule uongo ilikuwa Busiu, kwenye harusi ya mpwa wake. Nilikuwa napakua pilau. Nikamsikia upande wa wanaume anasimulia: "Taa zilipowaka tu, nilimshika mke wangu mkono, tukatokea kimlango cha nyuma." Mwiko ulinikaa mkononi. Wanaume wakasema mashallah. Mimi nikaendelea kupakua, nikampa bwana mmoja nyama ya watu watatu bila kujua.

Ukisharuhusu uongo uingie, unaleta jamaa zake. Mwaka uliofuata alikuwa amenibeba. Baadaye akawa amemwonyesha askari cheti, akamwambia, "Soma mwenyewe, afande." Wanangu wamekua na hadithi hiyo, wananitazama kwa furaha baba yao akifika hapo. Siku moja nilimwuliza, tuko wawili tu, "Baba watoto, unakumbuka kweli siku ile?" Akasema, "Nitasahau vipi?" Akaendelea kuvuta uzi kwenye sindano.

Kisha bendi zikarudi. Mbale ilikuwa imekaa kimya muda mrefu, harusi zenyewe tulifanya mchana kwa haraka, na sasa Jumamosi jioni gita linasikika mpaka Nabuyonga. Mume wangu akashona suruali mpya, akaninunulia viatu. Vyeusi. Tukaanza kutoka tena, tukaenda uwanja wa hoteli moja ambako wanapanga meza kwenye majani na bendi inapiga kwenye jukwaa la mbao. Sikatai, nilipenda. Nilipenda tarumbeta, nilipenda soda baridi, nilipenda watu wazima wenzangu wanaocheza vibaya bila aibu. Mkoba niliuweka mapajani, na cheti ndani. Alikuwa ananitania: "Mama watoto, siku hizi nani atataka cheti?" Nami nahakikisha zipu imefungwa.

Jumamosi hiyo tulikaa meza moja na wafanyabiashara wawili wa Kenya, waliokuwa wanaelekea Tororo kesho yake. Watu wa heshima. Mmoja akasema ametuona tunacheza, akauliza siri ya ndoa ndefu ni nini. Nikajua. Mume wangu akasogeza kiti, akaanza: taa, buti, mkono. Nikamtazama mdomo. Hawa walikuwa wageni, hawana ndugu hapa, sitamwaibisha kwa jamaa. Na yule mmoja alizungumza hasa kama mama wa karanga, kuvuta maneno kule kule. Nikasema moyoni leo ndiyo leo. Akifika kwenye cheti namkatiza, nasema yote, hata tukirudi nyumbani kila mtu na njia yake.

Akasema, "Basi askari akauliza cheti." Nikafungua mdomo.

Kitu kikalipuka. Baadaye waliniambia ni transfoma ya barabarani, ilikuwa inakorofisha wiki nzima. Mlio mmoja, giza.

Nilipojitambua nilikuwa ng'ambo ya barabara, nimechutama nyuma ya kibanda cha ndizi kilichofungwa. Mkoba nimeukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Mguu mmoja peku. Sikumbuki kusimama, sikumbuki geti. Sikumbuki kumtazama mume wangu hata kidogo. Niliondoka kama nimekuja peke yangu.

Na kutoka kule gizani nikasikia sauti yake. "Mama watoto! Mama watoto!" Anaita huku anapapasa meza kwa meza, maana nilisikia viti vinaanguka, na mwanamke mmoja anamtukana, atoe mkono wake kwenye goti lake. Hakuwa anaelekea getini. Alikuwa ananitafuta nilipokuwa nimekaa.

Wakawasha jenereta. Watu wakacheka, wanamuziki wakacheka. Nikajikung'uta, nikavuka barabara nikichechemea, nikaingia. Nilimkuta karibu na geti, amesimama, amejaa vumbi magotini, ameshika kiatu changu.

Akauliza, "Ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Msalani."

Choo kilikuwa upande wa pili kabisa, nyuma ya jukwaa. Akautazama mguu wangu, akautazama mkoba nilivyoukumbatia. Nilingoja acheke, au aseme neno. Angesema chochote ningempasukia. Akasema, "Haya," akanifuata mpaka mezani, akainama akakiweka kiatu chini karibu na mguu wangu.

Wale Wakenya walikuwa bado wamekaa. Mmoja akasema, "Enhe, mzee, askari akauliza cheti. Ukampa?"

Mume wangu akafuta shingo ya chupa yake kwa kiganja, mara mbili.

"Hapana," akasema. "Nilikimbia, nikamwacha. Na cheti nikaondoka nacho."

Neno langu lile, kama nilivyolitaka, bila kuombwa. Mkenya akasema, "Pole, mama," akanitazama mimi. Na mimi, niliyelingoja neno hilo miaka yote, niliyemwita mwongo moyoni kila nikimpakulia chakula, nilikuwa na zamu yangu pale pale. Neno lilikuwa moja tu: nilikimbia. Nilifungua mdomo, nikauweka kwenye soda. Nilimkasirikia kuliko siku zote, kwa kusema, na kwa ile "haya" yake. Niliwakasirikia wale waliotufundisha kukimbia, ambao sasa wako majumbani kwao wanakula.

Yeye alisema mbele ya watu wawili asiowajua. Mimi, akiniuliza hata kesho, nitamwambia nilikuwa msalani.