Kura Kumi na Moja za Barabara ya Pruitt

Leland Voss alifundisha historia miaka thelathini na mmoja katika shule ya sekondari ya wilaya yetu, kusini mwa Indiana, na sidhani kama alimpenda rais yeyote aliyetawala kweli. Aliwapenda waliokosa kiti hicho. Alikuwa akikueleza nchi ingekuwaje kama mwaka 1881 madaktari wa Rais Garfield wangenawa mikono kabla ya kuchokoa jeraha lake la risasi. Aliweza kumaliza saa nzima akimsimulia yule mlevi wa 1865, aliyetumwa amuue makamu wa rais usiku ule ule Lincoln alipopigwa risasi, akaishiwa ujasiri, akanywa, akaondoka. "Angebisha hodi tu," alikuwa akisema, "urais ungemwangukia mtu wa Seneti ambaye ninyi hata jina lake hamlijui."

Alipostaafu alianzisha kikundi chetu. Jumamosi asubuhi, chumba cha chini cha maktaba, watu wanne watano, kahawa na donati. Kanuni ilikuwa moja: ubadilishe jambo dogo moja tu la zamani, kisha ulifuate hadi linapoishia. Ukimaliza, Leland anahukumu. Akisema "mto umerudi njia yake," umeshindwa. Jambo lako halikubadilisha kitu. Alikuwa hakimu mkali. Mimi nilijua ukali ule ulitoka wapi.

Novemba 1982 mimi na yeye tulikuwa makarani wa kituo cha kura, kwenye ukumbi wa zimamoto. Yeye alitoka chama chake, mimi changu, kwani desturi ni mmoja amchunge mwenzake. Kila karatasi ilibidi itiwe mgongoni herufi za mwanzo za majina yetu sisi sote wawili kabla ya kukabidhiwa mpiga kura. Bila hizo haihesabiwi. Harlan Pruitt, rafiki wa Leland tangu utotoni, alikuwa anagombea ukamishna wa wilaya kwa chama cha Leland.

Saa nne wakaingia kwa pamoja watu kumi na moja wa barabara ya akina Pruitt, wametoka kuvuna mahindi, wamejaa vumbi, Emmett ndugu yake Harlan akiwa mbele. Mmoja akamchokoza Leland: "Mwalimu, kikura changu kimoja kitafanya nini?"

Leland akaanza na uchaguzi wa 1876. Kura moja ya wajumbe wanaomchagua rais, mia themanini na tano kwa mia themanini na nne, na aliyepata kura chache za wananchi akawa rais. Alisimulia huku mkono ukigawa karatasi. Herufi zangu zilikuwepo. Zake hakuweka. Niliona kwenye karatasi ya tatu, nikakumbuka mgombea wa chama changu, nikanyamaza.

Jioni zikatengwa kumi na moja. Kwenye fomu tukaandika "zimeharibika." Harlan alishindwa kwa kura saba. Tuliokuwa chumba cha kuhesabia tulikuwa watano. Wa chama changu walikuwa wameshinda, wa chama chake waliona haya, na sababu ikabaki humo humo. Mji ukaelewa ulivyotaka: watu wa barabara ya Pruitt hawajui hata kuchora X ya kupigia kura. Harlan naye aliamini hivyo. Hakumsemesha ndugu yake tena. Aliuza shamba, akapanga vyumba viwili mjini, juu ya duka la vifaa vya ujenzi.

Miaka ishirini na minne baadaye, Jumamosi moja ya Machi, Harlan akashuka ngazi za maktaba.

"Simameni, kamishna ameingia," akasema Gus Dorsett, kinyozi wetu.

"Kaa chini, Gus. Umenyoa mji mzima vibaya na hakuna aliyekushtaki." Akavuta kiti. "Leo nina langu. Novemba themanini na mbili. Ndugu yangu na wenzake wanajua kuchora X. Basi."

Akasimulia bila kututazama. Anashinda. Daraja la kijito linatengenezwa kabla ya mafuriko. Kiwanda cha nyanya za kopo hakihami. Wanda, mkewe, hakimbilii kwa dada yake Kentucky. Kisha akasema, "Emmett yuko kitandani. Mapafu. Daktari amempa wiki. Mkewe kanipigia, anataka niende. Sasa hukumu, Mwalimu. Nijue alichonipotezea ni kikubwa au kidogo."

Leland alivua miwani. Nikajiambia, sasa atasema. Ilihitajika sentensi moja tu, na kama yeye hana, mimi ninayo.

"Kiwanda kingehama," alisema. "Walishanunua ardhi Ohio mwaka mmoja kabla. Daraja lilisubiri fedha za serikali kuu. Na Wanda, samahani ndugu yangu, Wanda alichoka zamani. Mto umerudi njia yake. Emmett hakukupotezea kitu, Harlan. Nenda kamwone."

Nadhani aliamini kwamba amempa zawadi.

"Yaani hata ningeshinda ningekuwa hivi hivi."

"Hivi hivi."

"Juu ya duka la misumari."

Harlan akavaa kofia yake polepole. "Nilikuwa na kitu kimoja, Mwalimu. Nilikuwa na mtu wa kumlaumu. Sasa unataka niende nikamwambie nini, kwamba nimemnunia robo karne kwa kitu ambacho hakikuwepo? Afadhali asinione."

Hakwenda. Emmett alifariki Alhamisi.

Baada ya mazishi tulikula katika ukumbi wa kanisa la Wamethodisti, kuku wa kukaanga na saladi ya viazi, mimi na Leland meza moja. Harlan hakuonekana. Vernice, mjane wa Emmett, alipita na birika la kahawa.

"Mpaka mwisho alisema aliichora ile X sawasawa," akatuambia. "Alikuwa akinichorea kwenye bahasha za barua nione. Nikamwambia, mpenzi, achana nayo, kila mtu hukosea."

"Emmett hakukosea," Leland akasema. "Ile X ilikuwa sawa."

Vernice akamgusa bega. "Una roho nzuri, Mwalimu. Asante kwa kusema hivyo." Akamjazia kikombe, kisha akanijazia changu, akaenda meza inayofuata.

Leland hakumwita arudi. Wala mimi sikumwita.